Mahali Kingi Anaposimama

Treni ilinichukua Kilosa asubuhi na haikunishusha Shinyanga mpaka siku ya pili yake jioni. Tabora tulikaa saa nyingi kwenye mabehewa yaliyosimama tu, kichwa cha treni kimeondolewa kwenda kuvuta kitu kingine, na abiria wakashuka wakachemsha chai kando ya reli kama watu waliohamia pale. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kwenye mfuko wa plastiki, suruali mbili, na jina la msimamizi mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyesemekana hamfukuzi mtu anayejua kuandika namba vizuri. Kutoka Shinyanga nilipanda basi la Bariadi, na barabara siku hizo ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho, nayo Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa. Maswa tulisimama kubadilisha tairi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinunua karanga, akanimiminia nusu kiganjani bila kuniuliza, kisha akataka kujua ninakwenda kwa nani. Nikamjibu kwamba ninakwenda kwenye pamba. "Pamba haina mwenyewe, baba," akasema. "Inakuita kwa jina, ikiisha haikujui." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Mwezi uliopita, nikiwa Tunduma, mji wa tisa au wa kumi ninaoishi tangu wakati ule, simu yangu ilipokea picha ya mtu mwembamba amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wa udongo. Chini yake Rajabu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Bariadi, alikuwa ameandika: "Mtani wako Maduhu ametutoka. Tumemzika Shishiyu." Nilisoma neno Shishiyu mara kadhaa. Kufa hufa kila mtu, lakini Maduhu alikuwa ameniambia, kwa sauti yake ya kutania ambayo haikuwa ya kutania, kwamba atakubali kuzikwa popote isipokuwa Shishiyu, kwa wakwe zake. Na mtani ana kazi yake msibani. Wasukuma wanawahesabu watu wa kwetu kuwa watani wao, na mtani ndiye huvaa koti la marehemu akamwigiza alivyotembea na alivyosema, mpaka waliofiwa wacheke wakiwa wanalia. Mimi ndiye niliyepaswa kukaa mbele ya watu wale na kuonyesha jinsi Maduhu alivyoshika kete ya drafti kwa vidole viwili, akaizungusha kidogo, akaiweka mdomoni mwa adui. Sikwenda. Hata nauli ingeshuka kutoka mbinguni nisingekwenda.

Nilimkuta kiwandani wiki ile ile niliyofika. Mimi niliwekwa mlangoni kuandika namba za marobota, yeye alikuwa mshonaji wa magunia ya mbegu, amekaa kwenye rundo la magunia matupu na shazia yake, ile sindano ndefu iliyopinda ncha, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi kama mzee. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka thelathini na kitu. Kazi ikiisha jioni vibarua walitawanyika, na wachache wakaelekea barazani kwa Rajabu, ambako kati ya magurudumu yaliyoning'inia na makopo ya grisi palikuwa na benchi mbili na ubao wa drafti uliochorwa kwa rangi ya nyumba. Kete zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja vimekaa wima, upande wa pili vimepinduliwa. Nilikuwa najua drafti. Kilosa nilikuwa nikiwafunga walimu wangu. Siku ya kwanza Rajabu alinikaribisha nicheze naye, na baada ya muda kete yangu moja ikafika mwisho wa ubao, nikapata kingi, nikakiweka kizibo juu ya kizibo kama inavyotakiwa, nikaona kete yake imekaa peke yake mbali kule. Kingi wangu akaruka, akaila, akaendelea na safari mpaka pembeni mwa ubao, mahali pa usalama. Benchi zote mbili zikalipuka kwa kicheko.

"Rudisha huyo mzururaji," Rajabu akasema.

"Nirudishe kwa nini? Amekula."

"Amekula, sawa. Anasimama nyuma ya alichokula, hapa. Unataka aende mpaka Musoma?"

Ndipo nikamsikia kwa mara ya kwanza mtu yule mwenye nyuzi kwenye nyusi. "Mtani," akasema, kwa maana walikwisha kuniuliza kwetu wapi, "kingi wa Bariadi ana adabu. Akishakula, anakaa. Hao wa kwenu wanakula wanakimbia, ndiyo maana mko wembamba." Nilimrudisha kingi wangu kwenye mraba ule wa karibu, Rajabu akamla papo hapo, nikafungwa. Niliona aibu, nikajifunza. Kila mji una sheria zake, nilijiambia, na mtu anayehamahama hujifunza kunyamaza mapema kuliko kusema. Leo hata simu yangu inajua jambo hilo. Kabla hujaanza mchezo inakuuliza kingi wako asimame wapi akishakula, papo hapo au popote, na unabonyeza unachotaka. Siku hizo hapakuwa na kitu cha kukuuliza.

Maduhu alinikodisha chumba cha pembeni cha nyumba yake, kilichotenganishwa na chao kwa ukuta wa tofali moja usiofika darini. Palikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia suruali, na dirisha dogo lililotazama jiko la mkewe, Mama Kulwa, mwanamke mpole mwenye mapacha wa miaka mitatu. Nilikula kwao. Ugali wa mtama, mlenda, mara moja moja samaki wakavu wa Nassa, na maziwa ya mgando yaliyokuja kwenye kibuyu kutoka kwa baba yake mwanamke. Kila kibuyu kilipofika Maduhu aliangalia pembeni. Nilikuja kujua sababu kupitia ukuta ule. Msimu wa pamba ukiisha kiwanda kinafungwa na vibarua wanaachwa, na mwaka uliotangulia Maduhu na mkewe walikuwa wamekwenda kukaa Shishiyu kwa mkwewe miezi yote ile, wakilima shamba la kuazimwa, yeye akichunga ng'ombe wa shemeji zake wadogo. Mwanamume wa Kisukuma kukaa ukweni na mke wake na watoto wake, akila kwenye sahani ya mkwewe, ni jambo ambalo watu hawalisemi mbele yako. Wanakusalimu tu kwa upole uliozidi kiasi.

"Mwaka huu sirudi," nilimsikia asubuhi moja, mapacha wakiwa wanalia. "Nitatafuta kazi ya kudumu."

"Kazi ya kudumu iko wapi, baba Kulwa?"

"Sijui. Lakini sirudi kuambiwa na mtoto mdogo kwamba ndama amepotea."

Mchezo wake ulikuwa wa mtu wa namna hiyo. Wengine pale barazani walicheza kwa kulinda, wamebana kete zao kama kuku na vifaranga, wakisubiri mwenzao akosee. Maduhu alianza kwa kutoa. Katika drafti ukiwekewa kete mbele na nyuma yake pako wazi, huna hiari, lazima ule, na yeye aliishi ndani ya lazima ile. Atakupa moja, ule. Atakupa ya pili, ule. "Kula, baba, ugali wa bure," atasema, na wewe unakula huku ukijua kwamba kila unachokula kinakutoa mahali ulipokuwa umejificha. Nakumbuka mchezo mmoja na dereva wa trekta, mtu mkubwa mwenye kelele. Maduhu alitoa kete tano mfululizo. Watu waliinuka kwenye benchi, Rajabu akaacha mteja na mnyororo wa baiskeli mkononi. Dereva alikuwa akicheka, "Leo mshona magunia anafunga duka!" Kisha Maduhu akachukua kete moja iliyosahaulika nyuma kabisa, akaruka, akaruka, akaruka tena, kushoto na kulia, vizibo vikilia kwenye ubao, na alipomaliza dereva alibaki na kete mbili zisizo na pa kwenda. Hakuna aliyepiga makofi. Rajabu akasema taratibu, "Huyu mtu anatakiwa afungwe kamba." Nilianza kuichora michezo yake kwenye daftari, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na jioni tulipokuwa tukisubiri ugali aliniomba nimwonyeshe alichokuwa amekifanya. Alikitazama kama kazi ya mtu mwingine.

Katikati ya msimu alikuja karani wa malori kutoka Mwanza, amefuata mbegu, na lori lake likakaa siku mbili likingoja zamu. Alicheza na Maduhu michezo mitatu na yote mitatu ilikwisha kabla mtu yeyote hajafikisha kingi, aliangamizwa katikati ya ubao. Hakukasirika. Akasema kampuni yao ina timu ya drafti inayoshindana na kampuni nyingine, na mkubwa wake ana kichaa cha mchezo huo, kiasi kwamba mchezaji mzuri hupewa kazi ya ghalani, ya kudumu, na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. "Njoo ucheze na bingwa wetu michezo mitatu," akasema. "Ukimshinda, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa mkubwa." Tarehe ikapangwa wiki ya mwisho ya msimu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Mama Kulwa alianza kuuliza Mwanza maji yanapatikanaje, na kama watoto wa pale huogopa ziwa. Nilimsikia kupitia ukuta akipanga kitanda kikae upande gani wa chumba ambacho hakuna aliyekiona. Na Maduhu alianza kutengeneza kitu. Alisema bingwa wa kampuni hawezi kuuawa katikati ya ubao kama karani, anahitaji kupewa zaidi. Kwa hiyo angempa kingi. Alinionyesha kwenye ubao wa nyumbani, Jumapili baada ya watu kutoka kanisani, mkewe akichambua mchele karibu yetu. Unamwachia kete tatu, moja baada ya nyingine, mpaka anafika mwisho wa ubao na kuvikwa kingi, na yeye anafurahi, nani hufurahi kama mtu aliyepewa kingi mapema? Kisha unamwekea kete ya nne kwenye mstari wake mrefu. Lazima aile. Anaila, anasimama nyuma yake. Na hapo alipo, kete yako ndogo inamla yeye na wengine wanne. "Nani amewahi kutoa kingi kwa hiari yake?" aliuliza, na macho yake yalikuwa yamejaa maji kwa furaha. Sijaona mchezo mzuri zaidi ya ule. Mpaka leo sijauona.

Nami nilijua. Niliona siku ile ile, ubaoni, kwamba mtego wote unategemea kingi kusimama papo hapo. Kilosa asingesimama. Dodoma, nilikocheza na wauza nyanya stesheni treni iliposimama, asingesimama. Sikuwa na hakika na Mwanza, lakini mtu asiye na hakika huuliza, na mimi sikuuliza. Nimejipa sababu nyingi kwa miaka mingi. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenicheka siku ya kwanza, kwa hiyo alijua ziko sheria nyingine. Nilijiambia kwamba mtani hasadikiwi, mtani akisema nyumba inaungua watu hucheka kwanza. Na kweli nilijaribu mara moja, tukiwa kisimani, nikasema, "Mtani, je, kingi wao akiwa hana adabu?" Akacheka akanimwagia maji. Ningeweza kurudia kwa uso wa kazi. Nilicheka naye. Ukweli ni mdogo na mbaya. Wakienda Mwanza, mimi ningebaki Bariadi na chumba kisicho na sauti upande wa pili wa ukuta. Katika maisha yangu hapakuwa na meza nyingine iliyoniwekea sahani bila kuniuliza nimetoka wapi leo. Sikutaka ashindwe. Nilitaka tu asiondoke, na sikujiruhusu kutazama kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Aliniomba nimsindikize. Tulipita Lamadi, tukapita Nassa ziwa likiwa upande wa kulia, yeye amevaa shati jeupe la kuazimwa kwa Rajabu, mikono ikiwa imefika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Alikuwa na vizibo viwili mfukoni na nilivisikia vikigongana njia nzima. Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula la kampuni, meza ndefu, harufu ya maharage, wafanyakazi thelathini au zaidi wamesimama na sahani zao. Mkubwa alikuwepo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Bingwa wao alikuwa kijana wa miwani, mwenye heshima sana, akamwita Maduhu kaka. Hakuna aliyetaja sheria. Kila mmoja aliamini kwamba drafti ya kwao ndiyo drafti.

Mchezo wa kwanza Maduhu alishinda kwa dakika chache, alitoa kete tatu akala saba, na bwalo zima likasema "Ah!" kwa pamoja. Mkubwa alisogeza kiti chake mbele. Mchezo wa pili ulikwisha sare. Katika wa tatu niliona mkono wake unavyotulia, nikajua anaanza. Alitoa ya kwanza. Alitoa ya pili. Watu walianza kunong'ona, "Mgeni amechoka." Akatoa ya tatu, na kijana wa miwani akafika mwisho, akavikwa kingi, akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu barabarani akihofu mwenyewe atatokea. Kulikuwa bado na nafasi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Maduhu, hatua moja tu, ningeweza kukohoa, ningeweza kumgusa bega. Alichukua kete ya nne kwa vidole viwili, akaizungusha kidogo, akaiweka.

Kijana akaila, na kingi wake akateleza, akapita mraba ule, akapita mwingine, akaenda kukaa pembeni kabisa.

"Rudisha," Maduhu akasema kwa upole. "Anasimama hapa."

"Wapi, kaka?"

"Hapa. Nyuma ya alichokula."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kwani huyo ni kingi au ng'ombe wa kufungwa kamba?" na bwalo likacheka mpaka sahani zikalia. Mkubwa aliinua mkono wakanyamaza. Akauliza bila dharau, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, "Kwenu ni wapi, bwana?" Maduhu akajibu, "Bariadi." Mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma. "Huku kingi huchagua. Endeleeni." Maduhu alikuwa na kete tano zilizobaki wazi. Alicheza mpaka ya mwisho ikaliwa, hakuacha, kisha akasimama akampa kijana mkono. Baada ya hapo kijana mwenyewe alisema pangefaa warudie, lakini kengele ya kazi ilikuwa imelia, na mkubwa alikwisha kutoka. Karani wa malori hakututazama.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani. Tulipofika Magu akasema, bila kugeuka, "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile kisimani."

"Kabla ya hapo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa. Nilisubiri anitukane, watani tuna matusi yote duniani, yako tayari kwa ajili yetu. Baadaye akasema tu, "Na mchezo ulikuwa mzuri, siyo?" Nikasema ulikuwa mzuri. Hakukaa tena barazani kwa Rajabu, si siku ile wala siku zilizobaki. Rajabu aliutundika ubao ukutani akisema anamwacha Maduhu apumzike. Msimu ulikuwa umebakiza siku chache. Maduhu alishona magunia yake mpaka la mwisho, mishono iliyonyooka, na nyumbani niliendelea kuwekewa sahani. Nilisikia kupitia ukuta akimwambia mkewe kwamba kijana yule alikuwa hodari kuliko yeye. Hakumwambia zaidi ya hapo. Niliweka mto masikioni mchana kweupe.

Niliondoka siku waliyoondoka wao. Lori la mbegu lililokuwa likielekea Maswa lilikubali kuwachukua mpaka njia panda ya Shishiyu, nami basi langu la Shinyanga lilikuwa linapakia upande wa pili wa barabara. Maduhu alikuwa juu ya lori, anafunga kitanda kwa kamba, mapacha wamekaa kwenye magunia wakifurahia urefu. Mama Kulwa alivuka barabara kunifuata. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, kama wanavyomheshimu mtu wa kweli wa familia.

"Wabeja, shemeji," akanishukuru. "Wabeja kwa kumsindikiza mwenzako Mwanza. Nimemwambia baba Kulwa, kama asingekuwa na mtu wake kule, sijui angerudi namna gani. Mungu akuweke."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na lori lilikuwa karibu, injini bado haijawashwa. Nilimtazama Maduhu. Alikuwa amesikia, maana mikono yake ilisimama juu ya kamba. Nilimngoja. Nadhani nilimngoja aseme, ili mambo yaishe. Alikaza fundo, akalivuta mara mbili kulijaribu, akageukia mguu mwingine wa kitanda.

"Si kitu, shemeji," nikamwambia mkewe. "Ni wajibu."

Akaniachia mkono, akarudi kwenye lori akikimbia kidogo, kwa sababu dereva alikuwa ameanza kupiga honi.